Mitende ya Bi Doris

Columbus, Ohio
3 Novemba 1996

Kwa Baba na Mama,

Natumaini karatasi hii itawakuta mko salama, mbuzi na kuku wakiwemo. Mimi ni mzima, ila kikohozi kimenikamata tangu wiki jana na ninakunywa maji moto na ndimu vile Mama alinifundisha. Habari ya shamba? Mvua imeanza ama bado mnaangalia mawingu? Na Mama, lile tumbo lililokuwa linakusumbua limetulia?

Nimehama. Sasa nimekodi chumba cha chini kwa mama mmoja mzee, mjane, anaitwa Doris. Mimi humwita Bi Doris na yeye hupenda, anasema inamfanya aonekane mtu mkubwa. Hanitozi kodi kubwa kwa sababu nimekubali kumsaidia kazi moja, na kazi yenyewe, Baba, utaipenda.

Marehemu mume wake, Walter, alikuwa na wazimu wa kupanda mimea ya nchi za joto nje uani, hapa mahali ambapo maji huganda ndani ya bomba. Kuna yuka. Baba, yuka ni kama mkonge wetu wa mpakani, ila majani ni membamba na ubavuni yametoa nyuzi zilizojikunja. Na kuna mitende mitatu. Si ile ya kuzaa tende. Ni jamaa yake, kama ule mkindu wa bondeni ambao Mama huchuma majani ya kusuka mikeka, lakini shina la huu lina manyoya kama beberu. Mmoja uko karibu na mlango wa jikoni, wa pili katikati ya ukuta, wa tatu pembeni kabisa.

Yuka hazitaki kitu. Theluji inazifunika nazo zinakaa huko chini zikingoja. Mitende ndiyo kazi. Wiki hii tumeifunga kabla baridi kali haijafika. Bi Doris alisimama mlangoni na mkongojo wake akiniongoza: kusanya majani juu, funga na kamba laini, zungushia taa ndogo za Krismasi zile za kizamani zinazotoa joto, halafu gunia, halafu boksi la mbao lenye paa. "Polepole," alikuwa akisema. "Ukivunja jani la katikati umeua mti."

Baba, wewe umekuwa afisa wa kilimo miaka yote ile. Uliwahi kusikia mtu akiuwashia mti taa? Niambie kama kuna jambo nisilolijua. Sitaki kuua miti ya marehemu.

Nambari ya simu ya hapa nimeandika huku nyuma, iwe ya dharura tu.

Mtoto wenu,
Ndila


Kalama, Machakos
8 Desemba 1996

Mwanangu Ndila,

Salamu kutoka nyumbani. Barua yako tuliipata Ijumaa. Nilianza kuisoma nikiwa bado posta, kisha nikamsomea mama yako mara mbili, na mara ya pili akanikemea kwa kuruka mahali pa kikohozi. Je, kimeisha? Sisi tunaendelea. Mvua ilinyesha siku chache ikakata. Mahindi yamefika magotini na yameanza kujikunja. Mbaazi zitavumilia.

Sasa, hiyo miti yenu. Nilistaafu nikidhani nimeshajibu kila swali ambalo mkulima anaweza kuuliza, kumbe lako lilikuwa limebaki. Nilikwenda mpaka ofisini mjini nikawauliza vijana walionirithi. Walicheka sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika theluji. Kwa hivyo nitasema ninachokifikiria na wewe utanisahihisha.

Mmea wa nchi kavu hauogopi baridi peke yake, unaogopa baridi ikiwa pamoja na maji. Mkonge ukipandwa mahali maji yanaposimama huoza hata hapa kwetu kwenye jua. Angalia hizo yuka ziko kwenye mteremko ama tambarare. Kama ni tambarare, inua udongo, changanya na changarawe, ufanye tuta kama yale ya fanya juu, ya kuzuia mmomonyoko, tuliyochimba pamoja ukiwa darasa la sita, wewe ukilalamika mpaka jioni. Na mitende, gunia lipumue. Ukifunga kwa nailoni, jasho la mti litarudi ndani, na huko ndani ndiko kwenye moyo wake.

Nijibu haya: ukuta umetazama upande gani? Udongo ni mfinyanzi ama kichanga? Taa mkiziwasha, ni nani anazizima?

Mama yako yuko. Anachoka upesi siku hizi, anasema ni kiangazi. Ananinyang'anya kalamu sasa.

Wako,
Baba

Ndila mwanangu, baba yako amemaliza karatasi na miti. Mimi nauliza tu kama unakula. Vaa soksi mbili. Tumbo langu si kitu. — Mama


Columbus
16 Februari 1997

Baba na Mama wapendwa,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ninakula, na soksi ni tatu, Mama.

Januari imetufunza adabu. Kulikuwa na asubuhi ambapo nikivuta pumzi, pua ilikuwa inashikana ndani. Bi Doris alinikataza kugusa chuma cha mlango bila glavu. Ukuta, Baba, umetazama kusini, na huku jua la baridi hutoka huko, kwa hivyo mzee Walter alikuwa na akili. Udongo ni mfinyanzi lakini alichimbua na kujaza changarawe, na yuka amezipanda juu ya kilima kidogo. Umesema sawa kabisa, na Bi Doris ameniambia nikusalimu.

Kuna siku barafu iliangusha nyaya za umeme na taa zikazimika ndani ya maboksi. Mimi na Bi Doris tulichemsha maji kwenye jiko la gesi, tukajaza chupa na sufuria, nikawa ninazipeleka nje na kuziweka chini ya magunia, zikipoa ninarudisha nyingine. Nilifikiria vile Mama huweka vifaranga karibu na jiko. Umeme uliporudi, Bi Doris alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia kidogo. Aliniambia Walter angenipenda.

Habari yangu nyingine: nimepeleka ombi la kukaa huku. Wakili anasema linaweza kuchukua mwaka, hata miwili, na nikitoka nchi hii kabla ya jibu, ombi linakufa na huenda wasinipe viza tena. Kwa hivyo msinitarajie hivi karibuni. Inaniuma kuandika hivyo.

Mama, mistari yako ilikuwa michache. Andika mingi.

Mtoto wenu,
Ndila


Kalama
20 Aprili 1997

Mwanangu,

Tunakusalimu wote. Habari ya ombi lako tumeifurahia, na mama yako amesema ukae hapo hapo, usicheze nalo. Mvua ndefu imeanza vizuri kidogo.

Nimekuwa nikifikiria kuhusu kufunua. Naona hatari ni mbili. Ukifunua mapema, baridi ya kuchelewa inachoma. Ukichelewa, jua linapiga boksi, ndani kunakuwa kama chungu kilichofunikwa, na mti unaoza ukiwa umepona baridi. Kwa hivyo ufanye kidogo kidogo: kwanza paa, halafu upande mmoja, halafu gunia. Halafu uguse lile jani changa la katikati, lile lililosimama kama mkuki. Likiwa imara, umeshinda. Niandikie mara moja utakapogusa, nataka kujua.

Pia nimefikiria kuhusu majani mliyoyafunga. Msiyakate hata yakiwa yamekauka ncha, kwa sababu hata jani lililo nusu bado linalisha mti. Na mbolea msiweke mpaka mti uonyeshe kwamba unaitaka. Wakulima wengi huua mmea mgonjwa kwa kuulisha.

Mama yako anakusalimu. Yuko na kazi ya mikono leo.

Wako,
Baba


Columbus
8 Juni 1997

Baba, Mama,

Mko aje? Mimi niko, ila nina huzuni ya kijinga.

Nilifunua vile ulisema, kidogo kidogo. Mtende wa mlangoni, jani la katikati imara. Wa ukutani, imara. Wa pembeni nilivuta kidogo tu kwa vidole viwili na jani lote likatoka mkononi mwangu, chini yake likiwa kahawia na laini, na harufu, Baba, kama viazi vilivyosahaulika kwenye gunia. Nilisimama nalo sijui nilitupe wapi.

Bi Doris hakunigombeza. Alinituma nilete ile dawa ya kuoshea vidonda, inayotoa povu, akaniambia nimimine pale kwenye shimo mpaka povu liishe. Nimekuwa nikifanya hivyo. Halafu anasema ningoje, kwamba mwaka mmoja Walter alikata tamaa mwezi wa Mei na mti ukatoa jani Julai. Nafikiri nilifunga kamba ikakaza sana. Ama maji yaliingia kupitia paa. Kila nikipita pale najiuliza nilifanya nini.

Yuka zimetoa mashina marefu, maua meupe yanainamia chini kama kengele. Hizo hata sikuzigusa.

Mama hajaandika chini ya barua yako. Mwambie neno moja linatosha.

Ndila


Kalama
14 Septemba 1997

Mwanangu Ndila,

Hujambo? Hapa tunamshukuru Mungu. Kunguru wamemaliza mahindi ya upande wa mto.

Usijilaumu kwa ule mtende. Miti ya jamii hiyo iko na moyo mmoja tu, haina tawi la pili la kukimbilia, ndiyo sababu inaogopesha. Lakini kama shina chini ya lile shimo bado ni gumu ukibonyeza, endelea kungoja. Endelea na dawa. Usiumwagilie juu, mwagilia chini. Nimeandika mahali fulani kwamba mgomba ukioza juu huweza kusukuma jani kutoka ndani kabisa, likitoka limepinda na fupi, la pili linanyooka. Ukiona kitu kijani, hata kidogo kama ukucha, niambie.

Msimu huu weka paa lenye mteremko. Na taa ziwe chini, si juu, joto lipande lenyewe.

Mama yako anakusalimu sana. Mikono inamsumbua kidogo, ameniachia kalamu.

Wako,
Baba


Columbus
10 Desemba 1997

Kwa Mama na Baba,

Krismasi njema kutoka kwenye theluji. Nimeanza na jina la Mama kwa makusudi, ili Baba asimalize kadi yote na miti. Lakini Baba, ule wa pembeni umetoa jani. Fupi, limepinda vile ulisema, lakini ni jani. Bi Doris alipiga makofi kama msichana. Nimeifunga yote mitatu tena, paa zina mteremko.

Tunasikia kwenye redio kwamba mvua huko imekuwa gharika. Mko salama? Mama, hii picha ni mimi na mtende. Miguu inayoonekana kama imevimba ni soksi.

Ndila wenu


Kalama
1 Machi 1998

Mwanangu Ndila,

Hujambo, binti yangu? Kama unasoma hii ukiwa kazini, ikunje. Isome ukifika nyumbani, na yule Bi Doris wako awe karibu.

Mama yako ametuacha. Alifariki Novemba mwishoni, asubuhi, hapa nyumbani kwenye kitanda cha chumba cha mbele. Mama yako mdogo Nzisa alikuwepo na mimi nilikuwepo. Hakuwa hospitalini, hakutaka. Tulimzika upande wa juu wa shamba, ambapo udongo ni mkavu. Mvua ilikuwa imekata barabara, na jeneza lilibebwa mabegani kutoka lami mpaka hapa. Onesmus, yule jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alitangulia akipima maji kwa mti.

Ulikuwa uvimbe tumboni. Daktari alituambia mwaka jana, Aprili, kwamba umeenea. Ile barua yangu ya Aprili kuhusu kufunua magunia niliiandika wiki tuliyotoka kwa daktari.

Alinikataza kukuambia. Alisema, "Yule mtoto akijua atakuja, na akija hatarudi tena, na kila kitu alichohangaikia kitakuwa bure. Niapie." Nikaapa. Nzisa pia aliapishwa. Baada ya hapo nikawa sina la kukuandikia isipokuwa miti. Kila nilipofika mahali pa kusema habari za mama yako, kalamu ilikimbilia mitende. Yeye alikuwa amelala hapo karibu nikisoma kwa sauti, na akiniambia, "Muulize kama ule wa pembeni umepona." Alikuwa akiutaka upone. Kadi yako iliyosema umetoa jani ilifika akiwa ameshazikwa.

Ningekuandikia Desemba. Nilikaa chini mara nyingi na kila mara nikainuka. Sina la kujitetea.

Baba yako,
Mulwa


Columbus
11 Oktoba 1998

Baba,

Hujambo. Mimi ni mzima.

Miezi hii yote sikuwa na barua ya kukuandikia ambayo mtoto anaweza kumwandikia baba yake. Nilianza nyingi. Nyingine zilikuwa na maneno ambayo ningeyajutia, na nikazichoma kwenye jiko la Bi Doris.

Siku barua yako ilipofika nilikuwa nimetoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nimemaliza kumwogesha mama wa mtu mwingine na kumpaka mafuta miguuni. Nilisoma nimesimama. Usiku huo sikumwambia Bi Doris, wala siku iliyofuata. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikalala. Niliacha kila kitu cha nje. Aprili ikaja na joto lake, majirani wakatoa viti nje, na mitende ilikuwa bado ndani ya maboksi na magunia yake. Nilipita pale kila asubuhi. Nilijua kabisa kinachoendelea humo ndani, uliniandikia wewe mwenyewe, chungu kilichofunikwa. Sikufunua. Sijui nilikuwa namwadhibu nani. Nilikuwa nafikiri, kama baba yangu alinipa miti badala ya mama yangu, basi miti ife.

Siku moja nilirudi nikamkuta Bi Doris amekaa chini kwenye nyasi, amefunua ule wa mlangoni peke yake kwa vile vidole vyake vilivyopinda, na hana nguvu ya kuinuka. Boksi lilikuwa limemchubua mkono mzima. Nilimwinua. Hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Hiyo mingine sikuweza kuifikia." Hapo ndipo nilimwambia habari za Mama.

Ile miwili ilikuwa imeoza. Na ule wa pembeni, uliokuwa umerudi, ulikuwa umeoza mpaka chini. Nimeua miti ya mtu ambaye hajanikosea lolote. Yeye anasema ni miti tu. Lakini namwona asubuhi anavyotazama pale ukutani akinywa kahawa, kisha anaangalia pembeni nikiingia.

Nilisoma barua zako zote tena kwa hasira, nikitafuta mahali uliponidanganya. Nikakuta kitu kingine. Juni mwaka jana nilikuandikia kwamba Mama hajaandika. Niliandika sentensi mbili tu, mwisho kabisa, baada ya karatasi nzima ya mitende. Septemba ukasema mikono inamsumbua. Baba, Mama alikuwa anasuka mikeka tangu nizaliwe, ni lini mikono ilimsumbua? Nilijua. Kuna simu ukutani hapa jikoni, ningeweza kupigia ile shule anakopika Nzisa, ningeweza kukuuliza wazi. Sikuuliza kwa sababu nikiuliza ungejibu, na ukijibu ningelazimika kuchagua kati ya Mama na karatasi za kukaa huku. Nilikuachia wewe mzigo huo halafu nikakuchukia kwa kuubeba.

Hayo ndiyo nilikuwa nayo. Bado nina hasira na wewe. Lakini hasira hiyo si yako peke yako.

Ndila


Kalama
29 Novemba 1998

Mwanangu Ndila,

Hujambo? Nimepokea barua yako na nimeisoma nikiwa nimekaa pale juu kwenye kaburi. Wiki hii imetimia mwaka. Nzisa alikuja tukapalilia.

Umeniandikia kweli kuliko mimi nilivyokuandikia wewe, na siwezi kukuacha ubebe lawama ambayo si yako. Barua yangu ya Machi haikuwa na uongo, lakini nilijificha ndani yake. Nilikuambia mama yako alikataza. Alikataza, ndiyo. Sikukuambia kwamba mwishoni aligeuza maneno.

Ilikuwa wiki yake ya mwisho. Nzisa alikuwa nje, mimi nilikuwa nikimpa uji kwa kijiko. Akasukuma kijiko akasema, "Mulwa, mwite Ndila. Nataka kumwona." Nilimkumbusha ombi lako. Akasema, "Najua. Mwite tu."

Nilichukua ile nambari uliyoandika, nikavaa buti, nikatoka kwenda Machakos kupiga simu. Mtoni maji yalikuwa mengi, lakini Onesmus alikuwa amefunga kamba na alikuwa akivusha watu, na watu walikuwa wakivuka, hata akina mama wenye mizigo. Aliniita, "Mzee, njoo, nitakushika." Mimi sikuvuka. Nilisimama nikajiambia kwamba hutafika akiwa hai, na utapoteza yote mawili. Labda ilikuwa kweli. Lakini nataka ujue kwamba pia niliogopa. Niliogopa kusikia sauti yako ikiniuliza, "Tangu lini, Baba?" Nilikuwa nimekuandikia miezi yote ile juu ya magunia, na sasa ningesema nini? Nikageuka.

Nilipofika nyumbani aliuliza kama nimekupata. Nikamwambia, "Nimempata. Anakuja. Yuko njiani."

Alifurahi, Ndila. Alikula uji wote. Akaniambia nikutandikie kitanda, nami nikakitandika akiniangalia, shuka ile ya maua. Kesho yake akauliza umefika wapi. Nikasema London. Siku nyingine akauliza, nikasema umeteremka Nairobi lakini barabara zimejaa maji, mnangoja yapungue. Aliniambia nisikugombeze ukichelewa. Asubuhi ile ya mwisho aliuliza tena, na nikamwambia, "Amefika Machakos mjini. Anatafuta mtu wa kumleta." Akafumba macho akasema, "Mwambie aje polepole, kunateleza."

Nzisa hajui. Kasisi hajui. Nilikuwa nimekusudia kufa nalo. Lakini umeniandikia vile ulivyoandika, nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimekuzika na wewe.

Sikuombi kitu. Kama hutaandika tena, nitaelewa.

Baba yako


Columbus
20 Juni 1999

Baba,

Hujambo? Kifua chako kikoje, na miguu? Nilisahau kukuuliza katika barua ya mwisho, na unazeeka peke yako.

Barua yako ilikaa kwenye droo tangu Januari. Niliisoma mara moja, nikashindwa kuisoma tena mpaka juzi. Sikukaa kimya ili kukuadhibu. Nilikuwa nikilala kila nikitoka kazini, na nikiamka nilikuwa namsikia Mama akisema kunateleza. Kuna siku nilikuchukia kwa ule uongo. Kuna siku nyingine nilifikiri, angalau mtu alimwambia kwamba mtoto wake anakuja, na akala uji. Sijui ni lipi litashinda. Siwezi kukuambia nimekusamehe, kwa sababu bado sijafika hapo, na uongo kati yetu umetosha. Lakini sitaki ukae na jambo hilo peke yako hapo juu shambani.

Karatasi zangu zimetoka. Nilizipata Mei. Bahasha ilikuwa nyepesi sana, nikaiweka mezani na sikuweza kufurahi, nikamwachia Bi Doris afurahi kwa niaba yangu. Yeye ndiye aliyesema, "Sasa nenda nyumbani." Nikamwambia kuna ule mtende mmoja uliobaki, nani ataufunga baridi ikija? Akasema mtende haujali hata kidogo mpaka Novemba. Nimemwahidi nitarudi Oktoba, nimeikata tiketi ya kurudi mbele yake ili aione.

Nitafika Agosti, wiki ya pili. Mwambie Nzisa nakuja, lakini hayo mengine usimwambie bado. Tutamwambia pamoja, mimi na wewe tukiwa tumekaa naye, kwa sababu yeye pia aliapishwa na amekuwa akijilaumu bila kujua kuna zaidi.

Usije kunipokea uwanja wa ndege. Usimtume Onesmus wala mtu mwingine. Ulimwambia Mama kwamba nimefika Machakos mjini, natafuta mtu wa kunileta. Basi niache nifike hapo mwenyewe, nitafute mtu, anilete. Wewe kaa nyumbani. Nikiingia, usianze kuniomba radhi mlangoni, na mimi sitaanza. Tupande kwanza pale juu, unionyeshe mahali alipo, umwambie kwamba nimefika.

Ni mimi mtoto wako,
Ndila